ASALI YA NYUKI NA MATUMIZI YAKE NYUMBANI

Katika Kiswahili neno asali lina maana zaidi ya moja. Iko asali ya miwa, nayo ni maji ya miwa yaliyochemshwa hata yakawa mazito. Na iko asali ya nyuki, ambayo haipikwi na mtu yeyote, bali hutoka mzingani ikiwa tayari. Somo hili lahusu asali ya nyuki. Wako watu waipendao kwa utamu wake tu. Wako waiwekao kabatini kama dawa ya kila ugonjwa. Wako mabibi waipakao usoni, na wako wazee wamwonjeshao mtoto siku ile ile ya kuzaliwa kwake. Katika matumizi hayo yako yenye faida kubwa, yako yasiyo na faida wala madhara, na liko moja liwezalo kumwua mtoto. Kwa hiyo yapasa kila nyumba yenye chupa ya asali ijue kuyatenganisha.

Jinsi asali inavyofanyika

Nyuki afikapo kwenye ua hufyonza maji matamu yaitwayo mbochi. Maji hayo ni mepesi sana, wala si asali bado. Nyuki huyabeba katika kifuko kilichomo tumboni mwake, na humo huyachanganya na vimeng'enya vya mwili wake, yaani vitu vyenye uwezo wa kuigeuza sukari ya ua iwe sukari nyepesi za namna mbili, fruktosi na glukosi. Akifika mzingani huwapokeza wenzake, nao huyatia maji hayo katika vitundu vya masega. Kisha hupepea kwa mabawa yao mpaka maji mengi yakauke. Asali ikiisha kuiva, nyuki huziba kila kitundu kwa kifuniko cha nta.

Asali iliyoiva huwa na maji kadiri ya sehemu 17 au 18 katika kila sehemu 100, na karibu yote yaliyobaki ni sukari. Kwa kuwa sukari ni nyingi na maji ni machache, kijidudu kikianguka ndani yake hunyang'anywa maji ya mwili wake, kikashindwa kuzaana. Tena asali ina uchachu, ijapokuwa utamu wake huuficha. Tena ikichanganyika na maji kidogo, kama yale yatokayo katika kidonda, kimeng'enya kimoja kilichomo hutoa haidrojeni peroksaidi, dawa ambayo watu wengi wameijua kwa kazi ya kuua vijidudu. Hizo ndizo sababu tatu kuu zinazoiwezesha asali kukaa miaka mingi bila kuoza, nazo ndizo asili ya sifa yake. Wamisri wa kale walikwisha kuifahamu sifa hiyo, maana katika maandiko yao ya uganga ya yapata mwaka 1550 kabla ya kuzaliwa Kristo, asali yatajwa mara nyingi miongoni mwa dawa.

Walakini neno moja lapasa kushikwa vizuri. Kijidudu kushindwa kuzaana si sawa na kufa. Viko vijidudu viwezavyo kulala ndani ya asali muda mrefu, vikingoja mahali panapovifaa. Jambo hilo litaonekana maana yake hapa chini.

Asali na kikohozi

Katika magonjwa ya nyumbani, kikohozi cha mafua ndicho ambacho asali imethibitika kukisaidia. Hulifunika koo lililokwaruzika, ikatuliza mwasho uletao kukohoa. Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani liliitaja asali miongoni mwa vitu viwezavyo kutumiwa kutuliza koo la mtoto mwenye kikohozi. Mwaka 2007 matabibu wa Pennsylvania, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwajaribu watoto 105 wenye umri wa miaka 2 hadi 18. Wale waliopewa asali mara moja kabla ya kulala, wazazi wao walisema kwamba kikohozi kilipungua na usingizi ukawa mzuri kuliko wale wasiopewa kitu.

Vipimo vilivyotumiwa katika jaribio hilo havikuwa vikubwa. Mtoto wa miaka 2 hadi 5 alipewa nusu kijiko cha chai. Wa miaka 6 hadi 11, kijiko kimoja. Na wa miaka 12 na zaidi, vijiko viwili. Yafaa kupewa nusu saa kabla ya kulala, na meno yapigwe mswaki baadaye, kwa maana asali huozesha meno kama sukari nyingine.

Hata hivyo asali hutuliza tu. Haiui ugonjwa ulio ndani ya kifua. Mtoto apumuaye kwa haraka, au ambaye mbavu zake huingia ndani akivuta pumzi, au akataaye kunyonya na kunywa, huenda ana kichomi, naye lazima apelekwe hospitali bila kukawia. Kadhalika mtu aliyekohoa wiki mbili au zaidi, au akohoaye damu, au akondaye na kutoka jasho usiku, yampasa apimwe kifua kikuu. Wako waliokunywa asali na ndimu miezi mitatu, huku ugonjwa ukiwala wao na kuwaambukiza walio nyumbani mwao.

Mtoto asiyetimiza mwaka mmoja

Tuseme mama mmoja ana watoto wawili, mmoja wa miaka minne na mwingine wa miezi minane, nao wote wawili wanakohoa usiku mmoja. Chupa ya asali ni moja na kijiko ni kimoja. Akimpa yule wa miaka minne nusu kijiko, amefanya vema. Akimlambisha yule wa miezi minane hata tone, amemtia katika hatari. Kwa nini asali ile ile iwe dawa kwa mmoja na hatari kwa mwingine?

Sababu ni kijidudu kiitwacho Klostridiamu botulinamu, ambacho huishi katika udongo pote duniani. Kikikosa mahali pazuri pa kukua hujifunika gamba gumu, kikalala kama mbegu. Mbegu hizo huweza kuchukuliwa na vumbi au na nyuki, zikaingia katika asali. Humo hazioti, kwa sababu zilizokwisha kuelezwa. Mtu mzima akizimeza, vijidudu vyema vilivyojaa matumboni mwake havizipi nafasi, zikatoka bila kumdhuru. Bali tumbo la mtoto mchanga halijapata walinzi hao. Mbegu huota humo na kutoa sumu kali ilegezayo mishipa na misuli. Ugonjwa huo waitwa botulizimu ya watoto wachanga. Ulitambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1976 huko California, Marekani, ingawa bila shaka ulikuwako tangu zamani pasipo jina.

Dalili zake huanza polepole. Mtoto hukosa choo kwa siku kadhaa. Kisha hunyonya kwa udhaifu, kilio chake hufifia, kope humwangukia, na shingo hushindwa kukishika kichwa. Mwisho misuli ya kupumulia nayo hulegea. Mtoto wa namna hiyo apelekwe hospitali siku ile ile, na mganga aambiwe waziwazi kama alionjeshwa asali. Akitunzwa mapema aweza kupona kabisa.

Kuna wasemao kwamba kuipika asali huondoa hatari. Sivyo. Mbegu hizo hustahimili hata maji yachemkayo katika sufuria ya kawaida. Kwa hiyo asali isitiwe katika uji wa mtoto asiyetimiza miezi 12, wala katika maji yake, wala isipakwe kwenye titi au chuchu ya mpira. Tena katika miezi 6 ya kwanza mtoto hahitaji chakula wala kinywaji chochote isipokuwa maziwa ya mama. Mama anyonyeshaye mwenyewe aweza kula asali bila hofu, maana mbegu hizo haziingii katika maziwa yake.

Hapa ndipo shida ya nyumbani ilipo. Katika jamaa nyingi ni desturi kumwonjesha mtoto asali azaliwapo, nayo ni desturi ya upendo. Nyanya atasema kwamba amelea watoto wanane kwa asali na hakuna aliyekufa. Asemalo laweza kuwa kweli, kwa sababu si kila asali ina mbegu hizo, wala si kila mtoto azimezaye huugua. Ugonjwa wenyewe ni wa nadra. Lakini hakuna jicho liwezalo kuitazama chupa na kujua kama zimo au hazimo. Mama kijana hana haja ya kubishana na mkwewe. Aweza kusema kwa adabu, "Mama, tumwekee mjukuu wako asali yake. Siku atakapotimiza mwaka, wewe mwenyewe ndiwe utakayemwonjesha." Hivyo heshima ya mzee itabaki, na mtoto pia.

Vidonda na kuungua

Hospitali kadhaa duniani hutumia asali kufungia vidonda. Uchunguzi uliokusanywa na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba majeraha ya moto yasiyo ya kina yakifungwa kwa asali hupona siku nne au tano mapema kuliko yakifungwa kwa baadhi ya dawa za kawaida. Lakini asali ya hospitali si ile ya sokoni. Hiyo husafishwa kwa miale maalum iuayo hata zile mbegu, tena hufungwa katika vyombo safi. Asali iliyokamuliwa kwa mikono huweza kuwa na vumbi, nta na vipande vya nyuki, navyo havifai kuingia katika nyama mbichi.

Mtu aliyeungua, jambo la kwanza ni maji safi ya baridi yamwagike juu ya mahali palipoungua kwa muda wa dakika 20. Asipakwe asali, wala samli, wala dawa ya meno. Kisha pafunikwe kwa kitambaa safi, na kama jeraha ni kubwa, au liko usoni au mikononi, aende hospitali.

Asali na ugonjwa wa kisukari

Watu wengi wenye kisukari wameiacha sukari ya dukani wakashika asali, wakidhani kwamba kitu cha asili hakiwezi kuwadhuru. Ni kosa. Kijiko kimoja kikubwa cha asali kina kadiri ya gramu 17 za sukari, nayo huipandisha sukari ya damu. Shirika la Afya Duniani, katika mashauri yake ya mwaka 2015, liliihesabu asali pamoja na sukari zote zinazopasa kupunguzwa. Mwenye kisukari asiile kama dawa, wala asiache vidonge au sindano kwa ajili yake. Akiitaka, kwanza amwulize daktari wake. Hata mtu mwenye afya akumbuke kwamba mwonja asali haonji mara moja. Vijiko viwili au vitatu vya chai kwa siku vyatosha, navyo vichukue mahali pa sukari, visiongezwe juu yake.

Uzuri wa ngozi na nywele

Asali ina tabia ya kuvuta maji na kuyashika, na kwa hiyo huilainisha ngozi iliyokauka. Wakati wa baridi ya mwezi Julai, midomo ipasukapo, tone la asali likipakwa usiku huleta nafuu. Kwa uso mkavu, kijiko kimoja cha asali huchanganywa na vijiko viwili vya maziwa lala au parachichi lililopondwa, kikapakwa kwa dakika 10 au 15, kisha uso ukaoshwa kwa maji ya uvuguvugu. Kwa nywele kavu, kijiko cha asali huchanganywa na vijiko viwili vya mafuta ya nazi, zikapakwa nusu saa kabla ya kuoshwa. Wala nywele zioshwe vizuri, maana asali ikibaki hunata na kuita sisimizi.

Kabla ya kuipaka usoni, yafaa mtu ajaribu kidogo upande wa ndani wa mkono na kungoja siku moja. Wako watu ambao miili yao haipatani na kitu chochote cha nyuki. Tena yafaa ieleweke kwamba asali hailigeuzi jua kuwa kivuli, wala haimbadilishi mtu rangi yake. Mwenye kuuza mafuta na kuahidi kwamba asali iliyomo itamfanya mtu awe mweupe aogopwe, kwa sababu mafuta mengine ya kujichubua yamekutwa na zebaki, nayo ni sumu iharibuyo figo.

Asali katika mapishi

Jambo la kwanza la mpishi ni kujua moto. Joto kali huondoa harufu nzuri ya asali na kuviua vimeng'enya vyake. Kwa hiyo katika uji wa wimbi au chai, asali hutiwa baada ya sufuria kuepuliwa, kinywaji kikiwa kimepoa hata chanyweka. Viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi mbivu na maziwa lala hupatana nayo vizuri bila kupikwa tena.

Akitaka kuoka keki au mkate kwa asali, mpishi atie robo tatu ya kikombe cha asali mahali pa kikombe kimoja cha sukari, kwa kuwa asali ni tamu zaidi. Apunguze maji au maziwa kidogo, kwa sababu asali ina maji yake. Atie robo kijiko cha chai cha soda ya kuokea ili kuuvunja uchachu. Mwisho apunguze joto la joko kadiri ya digrii 15, maana kitu chenye asali hugeuka rangi upesi, kikawa cheusi nje na kibichi ndani. Maandazi yenye asali nayo yataka mafuta yasiyo ya moto mkali.

Kuku wa kuchoma hupendeza sana kwa asali, lakini isipakwe mwanzoni. Nyama na ikae kwanza katika tangawizi, kitunguu saumu, chumvi na maji ya ndimu, kisha ichomwe mpaka ikaribie kuiva. Ndipo asali iliyochanganywa na ndimu kidogo ipakwe katika dakika tano za mwisho, huku ikigeuzwa. Ama pombe ya asali, kama muratina ya Wakikuyu, ni pombe kama pombe nyingine, wala jina la asali haliigeuzi kuwa dawa.

Kununua na kuweka

Katika Kenya asali nyingi hutoka katika nchi kavu, kama vile Kitui, Baringo na Pokot Magharibi, ambako mizinga ya magogo hutundikwa mitini tangu zamani. Tangu miaka ya 1970 iko pia mizinga ya miti ya juu, ambayo mrinaji aweza kutoa sega moja moja bila kuliharibu kundi lote. Mrinaji mwema huchukua masega yaliyofunikwa kwa nta tu, huyaacha yenye majana, wala hatii moshi kupita kiasi. Asali iliyorinwa mbichi ina maji mengi, nayo huchacha na kutoa povu.

Wengi hujaribu kuitambua asali safi kwa kuidondosha katika glasi ya maji, au kwa kuchovya kiberiti na kukiwasha, au kwa kutazama kama sisimizi wataijia. Hakuna jaribio hata moja kati ya hayo liwezalo kuaminiwa, maana sukari iliyopikwa ikawa nzito nayo huzama kama asali. Uhakika hupatikana kwa vyombo vya upimaji. Asiye navyo, bora anunue kwa mrinaji amjuaye, au chupa yenye alama ya shirika la viwango la Kenya, KEBS. Wahenga walisema, fuata nyuki ule asali. Mnunuzi naye na amfuate mwenye nyuki.

Asali ikiganda na kufanya chembechembe haijaharibika wala si lazima iwe imechanganywa na sukari. Chupa na iwekwe katika maji ya uvuguvugu, yasiyochemka, itayeyuka. Iwekwe mahali pakavu, mbali na jua, katika chupa ya kioo yenye kifuniko cha kubana, kwa sababu asali iliyoachwa wazi huvuta maji ya hewani. Isiwekwe katika debe la mabati, maana uchachu wake huila zinki. Na chupa ikae juu, mahali ambapo mkono wa mtoto mdogo haufiki, wala wa ndugu yake mwenye huruma ya kumlambisha.

Maswali ya mazungumzo

1. Ni sababu zipi tatu ziifanyazo asali isioze?
2. Kwa nini mtoto wa miaka minne aweza kupewa asali, na wa miezi minane asipewe?
3. Kuipika asali huondoa hatari kwa mtoto mchanga? Eleza.
4. Ni dalili gani za kikohozi zinazotaka hospitali wala si asali?
5. Katika nyumba yenu, ni nani apasaye kuambiwa habari hizi kwanza, naye ataambiwaje kwa heshima?